Edward Emerson Barnard: mtoto wa studio ya foto aliyesoma madoa meusi ya anga

Usiku wa kiangazi, mwezi haupo na umeme umekatika kwenye kartie nzima, toka nje uangalie juu. Kutoka Bunia mpaka Kalemie, kutoka Kindu mpaka Uvira, utaona ule mkanda mweupe unaokata anga kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vitabu vinauita Njia ya Maziwa. Ni galaksi yetu wenyewe tunayoiangalia tukiwa ndani yake: nyota mingi sana, mbali sana, mpaka jicho linaziona kama moshi. Sasa angalia tena, bila haraka. Mkanda ule haukujaa. Katikati yake kuna fasi nyeusi, kama mtu alimwaga wino juu ya kitambaa. Watoto wanauliza: mule ndani kuna nini?

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuwa wanauliza lile lile. Wengi walijibu kwamba hakuna kitu, ni matundu tu. Mmoja wao alishikilia jibu hilo kwa zaidi ya miaka 20, kisha usiku mmoja akaanza kujisahihisha mwenyewe. Mtu huyo hakuwa mtoto wa tajiri, na shule ya utoto aliiona kwa miezi miwili tu. Jina lake Edward Emerson Barnard.

Mtoto wa vita

Alizaliwa Nashville, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka wa 1857. Baba yake alikufa miezi michache mbele ya mtoto kuzaliwa. Mama yake, Elizabeth, akabaki na watoto wawili wa kiume na mikono yake mitupu. Alitengeneza maua ya nta na kuyauza, siku zingine chakula kikapatikana, siku zingine kikakosekana.

Edward alikuwa bado mdogo wakati vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza Marekani mwaka wa 1861. Mwaka uliofuata jeshi la Kaskazini liliingia Nashville na kukaa. Tarehe 15 na 16 mwezi wa 12 mwaka wa 1864, majeshi mawili yalipigana vikali kwenye milima midogo inayozunguka mji. Tarehe 16 ndiyo siku mtoto alitimiza miaka 7. Nyuma ya vita kolera nayo ikapita mjini, mwaka wa 1866. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa sana maisha ya namna hiyo yanafanana na nini.

Mama ndiye alimfundisha kusoma. Furaha yake ya usiku ilikuwa moja: kulala chali ndani ya gari bovu la kukokotwa na farasi na kuangalia nyota. Hakujua jina la hata moja. Alizijua kwa sura tu, sawa vile unavyowajua watu wa barabara yenu ambao hamjawahi kusalimiana.

Karibu na miaka 9 mama akamtafutia kazi. Mjini kulikuwa na studio ya foto ya bwana mmoja anaitwa Van Stavoren. Zamani ile hapakuwa na taa ya umeme ya kukuza picha, basi bwana huyu alijenga juu ya paa mashine kubwa iliyotumia mwanga wa jua. Aliipa jina la sayari, Jupiter. Kwa kuwa jua halisimami, lazima mtu akae kando ya mashine siku nzima, anazungusha magurudumu polepole kusudi mwanga usitoke kwenye njia yake. Watoto waliotangulia walisinzia pale juu kwenye joto, wakafukuzwa. Huyu hakusinzia. Alikaa na mashine ile, kisha na kazi zingine za studio, miaka 17.

Kule juu ya paa akaanza kuona mambo. Aliona kwamba jua halifiki katikati ya anga sawasawa na kengele ya saa sita ya mchana: miezi fulani linawahi, miezi fulani linachelewa. Hakuna mtu aliyemwambia. Ni kweli kabisa, na sababu yake moja ni mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao si sawa mwaka mzima. Jioni akirudi nyumbani kwa miguu aliona pia nyota moja ya rangi ya manjano iliyokuwa inahama fasi katikati ya zingine. Miaka ilipita mbele ya kujua kwamba ile ilikuwa Zohali, sayari yenye pete.

Mwaka wa 1876 kijana mmoja alikuja kumkopa pesa kidogo na kumwachia kitabu kama rehani. Kijana hakurudi. Barnard alikasirika, alijua kwamba pesa yake imepotea, na kitabu hakukitaka. Alipokifungua akakuta ni kitabu cha elimu ya nyota cha Thomas Dick, mwandishi wa Scotland, na ndani yake mna ramani za anga. Akakimbia dirishani na ramani mkononi. Nyota alizozizoea tangu utoto, zile alizoziangalia kutoka kwenye gari bovu, sasa zikawa na majina.

Nyumba iliyojengwa na nyota zenye mikia

Rafiki wa studio alimsaidia kutengeneza darubini ya kwanza kwa vipande vya kuokota. Ilionyesha kidogo, ikamtia njaa ya kuona zaidi. Akaagiza darubini ya kweli, yenye kioo cha upana wa sentimita 13, kwa dola 380. Bei hiyo ilikuwa karibu theluthi mbili za mshahara wake wa mwaka mzima, na nyumbani kuna mama mgonjwa anayemtegemea. Tukiwa majirani zake, pengine tungesema kijana amepotea akili.

Mwaka wa 1877 wanasayansi wa Marekani walifanya mkutano wao Nashville. Kiongozi wao alikuwa Simon Newcomb, mtaalamu mkubwa wa nyota na hesabu. Barnard akajikaza, akamwendea, akamwuliza kijana mwenye darubini kama yake anaweza kufanya kazi gani ya maana. Newcomb akamwuliza kama anajua hesabu. Hakujua. Mzee akamshauri aiweke darubini pembeni, ajifunze hesabu kwanza. Pengine, baadaye, anaweza kujaribu kutafuta kometi. Barnard alijificha nyuma ya nguzo, akalia. Kisha akafuata mashauri yote mawili kwa pamoja: akaanza kulipa mwalimu wa hesabu, na usiku akawa anatafuta kometi, zile nyota zenye mikia zinazotokea na kupotea.

Tajiri mmoja wa Rochester, H. H. Warner, aliyepata utajiri kwa kuuza dawa za chupa, alikuwa ametangaza zawadi ya dola 200 kwa kila kometi mpya itakayogunduliwa na mtu wa Marekani. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1881 Barnard alimwoa Rhoda Calvert, Mwingereza aliyekuwa na ndugu zake pale pale studio. Mwaka ule ule, mwezi wa 9, akapata kometi yake. Kwa zawadi hiyo wakaanza kujenga nyumba ya mbao, iliyobaki wakaichukua kwa deni. Kila deni lilipokaribia, hofu iliingia nyumbani, na mara zaidi ya moja kometi nyingine ilipatikana kwa wakati. Watu wakaiita nyumba ile Nyumba ya Kometi.

Usiku mmoja mwezi wa 10 mwaka wa 1882 aliota ndoto anga imejaa kometi. Saa ya kuamsha ikalia, akatoka nje kuangalia kometi kubwa ya mwaka ule, na kando yake akakuta kundi la vipande vya kometi, kimoja nyuma ya kingine. Kometi kubwa ilikuwa imeachia vipande. Alisimulia ndoto hiyo maisha yake yote. Kwa jumla aligundua kometi zaidi ya 15, na moja kati yao, ya mwaka wa 1892, ndiyo ya kwanza duniani kugunduliwa kwenye foto.

Chuo kikuu cha Vanderbilt, kilichokuwa pale pale Nashville, kikaona kwamba mtu huyu anapotelea studio. Mwaka wa 1883 kikampa bursi ya dola 300 kwa mwaka, nyumba ya kukaa na darubini ya chuo kuitunza. Akawa mwanafunzi ana miaka 25, hajawahi kumaliza hata shule ya msingi. Tuseme pia ukweli huu: mtoto mweusi wa mtaa wa pili, maskini kama yeye na mwenye macho kama yake, mlango ule asingefunguliwa. Vanderbilt ilipokea mwanafunzi wake wa kwanza mweusi mwaka wa 1953.

Akiwa hapo, tarehe 17 mwezi wa 8 mwaka wa 1884, akizungusha darubini upande wa nyota za Sagittarius, aliona mwanga hafifu, mpana, usio na mpaka. Hakikuwa kometi. Alikiandika na kutoa habari, kisha akaendelea. Tutakirudia kitu hicho.

Mlima Hamilton

California walikuwa wanajenga juu ya mlima Hamilton nyumba ya darubini inayoitwa Lick, na darubini yake ingekuwa kubwa kuliko darubini zote za lenzi duniani, kioo cha sentimita 91. Barnard aliahidiwa kazi, akauza vitu, akasafiri na Rhoda mwaka wa 1887. Walipofika, majengo hayajaisha na mshahara haujaanza. Mtu aliyegundua kometi zote zile akatumika miezi kadhaa San Francisco kunakili karatasi za wanasheria.

Kazi ilipoanza mwaka wa 1888, shida ikawa mkuu wake. Darubini kubwa waligawana wachache, na Barnard hakuwemo. Alilalamika miaka mine mpaka akapewa usiku mmoja kwa wiki, Ijumaa. Ijumaa moja, tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka wa 1892, aliiweka sayari ya Jupiter nje kidogo ya macho ya darubini kusudi mwanga wake usimpofushe, akaona nukta ndogo mno ikitembea kando yake. Ulikuwa mwezi wa tano wa Jupiter. Galileo ndiye aliyegundua ile mine ya kwanza mwaka wa 1610, na tangu pale, miaka 282, hakuna mtu aliyeongeza mwingine. Huo, unaoitwa Amalthea, ndio wa mwisho kugunduliwa kwa jicho la mtu kwenye sayari ile. Yote iliyofuata ilipatikana kwa foto na mashine. Magazeti yakaandika jina lake kila upande, ikawa sifa kubwa, na mkuu wake hakumpenda zaidi kwa sababu ya hilo.

Lakini kazi iliyobaki mpaka leo aliifanya na chombo kidogo. Mwaka wa 1889 alichukua kioo cha zamani cha kupigia watu foto, upana wa sentimita 15 hivi, kilichonunuliwa kwa mpiga picha wa mjini. Kioo cha namna hii kinaona fasi pana ya anga kwa mara moja, wakati darubini kubwa inaona kidirisha tu. Akakifunga kwenye mashine inayozunguka, akakielekeza kwenye Njia ya Maziwa na kuacha mwanga uingie saa tatu, saa ine. Kwa muda huo wote alikaa jicho likiwa kwenye darubini ya pembeni, vidole vikirekebisha mwendo kidogo kidogo, kusudi nyota zisitoke kwenye njia yao. Alikuwa amefanya nini tena utotoni, kama si kazi hiyo hiyo? Zamani alifuata jua kwa Van Stavoren, sasa anafuata nyota.

Foto zilipotoka, hakuna aliyekuwa amewahi kuiona Njia ya Maziwa namna ile. Mawingu ya nyota juu ya mawingu ya nyota. Na katikati yake yale madoa meusi, makali, mengine marefu kama njia ya nyoka, mengine ya duara kama yametobolewa na msumari.

Matundu au mawingu

Swali lilikuwa hili: doa jeusi ni fasi isiyo na nyota, ama ni kitu kilichosimama mbele ya nyota? Zaidi ya miaka 100 mbele yake, William Herschel huko Uingereza aliona pengo kama hilo na kulichukua kuwa tundu la anga. Barnard naye akafuata fikra hiyo. Mtu mmoja wa Uingereza, Ranyard, alimpinga katika miaka ya 1890, akisema ni vitu vinavyoziba. Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, aliyekuwa anapiga foto kama zake, alielekea upande huo pia. Barnard hakukubali. Alikuwa mtu wa kuamini macho yake, na macho yake yalimwonyesha tundu.

Mwaka wa 1895 aliondoka Lick, akachukua kazi kwenye Chuo Kikuu cha Chicago, kilichokuwa kinajenga nyumba ya darubini ya Yerkes huko Williams Bay, Wisconsin. Baridi ya kule ni ya kuua, lakini darubini haikubali moto ndani, maana hewa ya joto inatikisa picha. Barnard alisimama humo usiku mzima, nyuzi nyingi chini ya sifuri, na wenzake walishangaa analala saa ngapi. Mama mmoja tajiri wa New York, Catherine Wolfe Bruce, alitoa dola 7,000 za kumtengenezea mashine ya foto ya kufaa kazi yake. Mwaka wa 1905 akaipeleka mlima Wilson, California, kusudi aweze kuona vizuri upande wa kusini wa Njia ya Maziwa, ule ambao sisi tunaona karibu juu ya kichwa. Akakaa miezi kadhaa, akatumika karibu kila usiku uliokuwa wazi.

Kadiri foto zilivyoongezeka, ndivyo matundu yalivyomsumbua. Mengine yalikuwa na kingo zenye mwanga hafifu. Mengine yalionekana kijivu kidogo kuliko anga ya pembeni. Na tundu lenye umbo la bomba refu, likiwa limeelekezwa sawasawa kwetu, linawezekana mara moja. Lakini matundu mengi, yote yametuelekea sisi? Akaanza kuandika kwa mashaka.

Kisha usiku mmoja wa kiangazi mwaka wa 1913, akiwa Yerkes, alikuwa anapiga foto upande wa Sagittarius. Anga ilikuwa safi, lakini mawingu madogo ya kawaida, ya mvua zetu hizi, yalikuwa yanapita pale na pale. Yakiwa kando, hayakuonekana. Yalipopita mbele ya mkanda mweupe wa nyota, kila moja likageuka doa jeusi, kali, kama tone la wino. Alisimama akiyaangalia. Yalikuwa yanafanana kabisa na madoa yaliyo kwenye foto zake, yale ya kudumu.

Hakutangaza ushindi. Aliliandika jambo hilo kwa upole mwaka wa 1916, na mwaka wa 1919 akatoa orodha ya madoa 182, kila moja na namba yake, akionyesha kwamba mengi ni vitu halisi vinavyoziba mwanga. Namba hizo zinatumika mpaka leo. Namba 33 ni lile doa lenye umbo la kichwa cha farasi, kwenye nyota za Orion.

Mwaka ule ule wa 1916 alikuwa amegundua pia nyota ndogo nyekundu inayokimbia angani kuliko zote tunazoziona, iliyo karibu nasi kwa miaka 6 ya mwanga, yaani mwanga wenyewe unasafiri miaka 6 kutoka kule mpaka hapa. Wanaiita nyota ya Barnard. Ndiyo iliyompa jina kubwa, lakini kwa maoni yangu orodha ya madoa ina uzito zaidi.

Kilichokuwa ndani ya weusi

Maana yale mawingu ndiyo tumbo la nyota. Barnard hakujua. Mwaka wa 1947 Bart Bok, Mholanzi aliyefanya kazi Marekani, pamoja na Edith Reilly, walisema kwamba yale madoa madogo ya duara huenda ndiyo fasi nyota zinapoanzia. Watu wengi hawakuwaamini mpaka zilipokuja mashine za kuona mwanga wa joto, ule usioonekana kwa jicho, ambao unapenya vumbi.

Namna inavyokuwa ni hii. Wingu jeusi ni gesi, hasa hidrojeni, iliyochanganyika na vumbi laini kuliko masizi ya taa. Vumbi linazuia mwanga wa nyota za nje, basi ndani kunakuwa na baridi kali, karibu nyuzi 260 chini ya sifuri. Baridi hiyo ndiyo siri. Gesi ya moto inasukuma nje na kutawanyika. Gesi ya baridi haina nguvu ya kusukuma, na uzito wake mwenyewe unaivuta ndani. Bonge linajikunja, linazidi kuwa zito, kati yake panapata moto. Joto la kati likifika nyuzi milioni 10 hivi, hidrojeni inaanza kugeuka heli, na nyota imewaka. Kwa nyota kama jua letu, kazi hiyo inachukua mamilioni ya miaka.

Sasa turudi kwenye ule mwanga hafifu wa mwaka wa 1884. Mwaka wa 1925 Edwin Hubble alionyesha kwamba ni mkusanyo wa nyota ulio nje kabisa ya Njia ya Maziwa. Ni galaksi nyingine, ndogo, umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 1.6. Leo inaitwa galaksi ya Barnard. Wataalamu walipoisikiliza kwa antena za redio, walikuta gesi yake ya hidrojeni inaenea mbali kupita mwanga unaoonekana, kama nyumba ndogo yenye kiwanja kikubwa. Na ndani ya kiwanja kile, mbali na katikati, kuna nyota changa za buluu. Nyota za buluu haziishi muda mrefu. Zikionekana pahali, ujue zimezaliwa pale karibuni.

Hilo lilishangaza, maana pembezoni mwa galaksi gesi ni nyembamba na vumbi ni kidogo. Vumbi linatengenezwa na nyota zilizotangulia, na pembezoni zilizotangulia ni chache. Pasipo vumbi la kutosha, gesi inapata shida kupoa na kujificha mwanga mkali. Hata hivyo panapokuwa na bonge zito vya kutosha, nyota zinazaliwa. Galaksi yetu ina fasi za namna hiyo pia. Jua letu liko miaka ya mwanga 26,000 kutoka katikati. Mwaka wa 2024 darubini ya Webb, iliyo angani, ilitoa picha za mawingu yaliyo zaidi ya 58,000, mpakani kabisa, na ndani yake vichanga vya nyota vinatapika gesi pande mbili. Wanasayansi wanayapenda mawingu yale kwa sababu gesi yake ni maskini wa vumbi na madini, karibu kama gesi ya galaksi zote zilipokuwa bado changa.

Miaka ya mwisho

Mwaka wa 1914 madaktari walimkuta Barnard na ugonjwa wa sukari, wakamkataza darubini karibu mwaka mzima. Kwake ilikuwa kama kifungo. Rhoda alikufa mwezi wa 5 mwaka wa 1921. Hawakuwa na mtoto. Mtoto wa ndugu yake Rhoda, Mary Calvert, aliyekuwa msaidizi wa Barnard tangu mwaka wa 1905, ndiye alibaki karibu naye.

Kazi iliyomla ilikuwa Atlasi ya foto zake za Njia ya Maziwa. Hakuamini mashine ya kuchapa vitabu kwamba itaweza kuonyesha madoa vizuri. Akaamua kila ukurasa uwe foto halisi: foto 51, nakala 700 kwa kila moja. Hiyo ni foto 35,700, na alizikagua moja moja kwa macho yake, kama kijana wa studio anayeogopa mteja atarudisha kazi. Foto ziliisha. Maandishi hayakuisha. Insulini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutumiwa Toronto mwaka wa 1922. Barnard alikufa Williams Bay tarehe 6 mwezi wa 2 mwaka wa 1923, ana miaka 65. Mwili wake ulirudishwa Nashville.

Edwin Frost, mkuu wa Yerkes, na Mary Calvert walikaa na karatasi zake miaka mine. Atlasi ikatoka mwaka wa 1927, na orodha ya madoa meusi imefika 349.

Kwa wanaotaka kutafuta: mwezi wa 8, kati ya saa tatu na saa ine za usiku, nyota za Sagittarius zinakuwa juu sana huku kwetu, ndani ya sehemu nene ya mkanda mweupe, na madoa meusi yako pale pale, hayahitaji chombo. Galaksi ya Barnard iko upande wa mashariki kidogo wa mkanda. Hiyo haionekani kwa jicho. Kwa mwenye darubini ndogo na usiku mweusi kabisa, ni ukungu mdogo tu, kama pumzi kwenye kioo.